Anzia Mkiani: Namna ya Kugawa na Kuchambua Vitenzi Virefu vya Kipolandi

Maswali ni yaleyale kila muhula. Neno kama *poprzestawialibyśmy* lina silabi ngapi? Mkazo unakaa wapi? Kwa nini *podziękować* inakatwa po-dzię-, ilhali *odzyskać* inakatwa od-zys-, na zote mbili zina dz? Mwongozo huu unajibu kwa utaratibu mmoja unaofaa kitenzi chochote kirefu cha Kipolandi. Umeandikwa kwa ajili ya mtu anayezungumza Kiswahili na ambaye tayari anazisoma herufi za Kipolandi, hata kama anakwamakwama.

Shika jambo moja tangu sasa. Kitenzi cha Kiswahili tunakielewa kuanzia kichwani: katika *tungepika*, tu- inatangulia, tunajua ni sisi kabla hatujasikia ni kupika. Kipolandi kinamweka mtenda mkiani. Ukianza kukata kutoka kushoto utakutana na kiambishi awali, pengine viwili, halafu mzizi, na pumzi itakuishia kabla hujajua nani anafanya nini. Kwa hiyo anzia mkiani. Hatua zote zinazofuata zinasimama juu ya hilo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Karatasi na kalamu za rangi mbili: rangi moja ya silabi, nyingine ya mofimu, yaani vipande vyenye maana.
- Kibodi ya Kipolandi. Herufi ą, ć, ę, ł, ń, ó, ś, ź, ż si mapambo. Ukiandika *zrobilismy* badala ya *zrobiliśmy* umefuta ile ś tutakayoitafuta katika hatua ya pili. Kwenye kompyuta chagua mpangilio uitwao „Polski (programisty)”, kisha bonyeza Alt ya kulia pamoja na herufi: Alt na s hutoa ś, Alt na l hutoa ł, Alt na z hutoa ż, Alt na x hutoa ź. Kwenye simu, bonyeza herufi na kuishikilia.
- Kamusi inayoonyesha umbo la kitenzi lenye -ć mwishoni (*zrobić*, *przepisać*). Umbo hilo ndilo utakalolirudia kila ukibabaika.
- Irabu tisa kichwani: a, ą, e, ę, i, o, ó, u, y. Kumbuka kwamba y ya Kipolandi ni irabu. Sauti ya y ya *yai* wao huiandika j.

Kwa matamshi, ł isome kama w ya Kiswahili, w kama v, ó kama u, c kama ts. Sz iko karibu na sh yetu, cz karibu na ch. Rz na ż husikika sawa, kama sh inayotolewa kwa mngurumo wa koo.

Migawo miwili isiyochanganywa

Silabi ni mgawo wa mdomo, mofimu ni mgawo wa maana. Ulifanya hivi shuleni: *anapika* kwa silabi ni a-na-pi-ka, kwa mofimu ni a-na-pik-a. Ile k iko na a upande wa mdomo, iko na mzizi upande wa maana, na hakuna kosa popote. Kipolandi ni hivyohivyo. Anayelazimisha mistari miwili ilingane huishia kuharibu yote miwili, ndiyo maana tunatumia kalamu mbili.

Hatua ya 1. Hakikisha umeshika neno moja

Ukanushi *nie* huandikwa mbali na kitenzi, na *się* (yetu ya -ji-) ni neno pekee. Kwa hiyo *nie poprzestawialibyśmy* ni maneno mawili. Kitu kimoja tu cha kukumbuka: kitenzi chenye silabi moja kikitanguliwa na nie, mkazo huhamia kwenye nie: *NIE wiem*, *NIE chcę*.

Hatua ya 2. Kata mkia

Tafuta l au ł iliyo karibu na mwisho wa neno. Hiyo ndiyo alama ya wakati uliopita na pia ya masharti. Chora mstari kushoto kwake. Kinachobaki kulia ni mkia, nao haupiti orodha hii.

Wakati uliopita:

- mimi: -łem (mwanamume), -łam (mwanamke)
- wewe: -łeś, -łaś
- yeye: -ł, -ła, -ło
- sisi: -liśmy, -łyśmy
- ninyi: -liście, -łyście
- wao: -li, -ły

Masharti, yaani yale tunayoyasema kwa -nge-:

- mimi: -łbym, -łabym
- wewe: -łbyś, -łabyś
- yeye: -łby, -łaby, -łoby
- sisi: -libyśmy, -łybyśmy
- ninyi: -libyście, -łybyście
- wao: -liby, -łyby

Katika wingi, li ni ya kundi lenye mwanamume hata mmoja. Ły ni ya wanawake peke yao, watoto, wanyama na vitu. Wanawake kumi na mwanamume mmoja ni li.

Sasa neno letu: poprzestawia | l | i | by | śmy. L ni alama ya njeo, i ni wingi wenye mwanamume, by ni masharti, śmy ni sisi. Linganisha na *tungehamisha*: sisi tunasema tu-nge-, wao wanasema -by-śmy. Vipande ni vilevile, mpangilio umegeuzwa, na vimepachikwa upande wa pili wa mzizi.

Onyo la kwanza: -my na -cie zisizo na ś ni za wakati uliopo, ujao au za amri. *Przepisujemy* ni „tunanakili”, *przeczytajcie* ni „someni”. Hizo hazina mkia wa orodha ya juu.

Onyo la pili ni gumu zaidi. *Przynieście* ina -ście mwishoni, lakini ś hiyo ni ya mzizi (*nieś*, „beba”), na neno lenyewe ni amri: „leteni”. „Mlileta” ni *przynieśliście*. Kipimo ni kimoja: kabla ya śmy au ście lazima kuwe na li au ły, au by. Kama hakuna, huo si mkia. Ndiyo maana *jesteśmy*, „tuko”, nayo haimo, na mkazo wake ni wa kawaida: je-STEŚ-my.

Hatua ya 3. Weka mkazo sasa hivi, kabla ya kuhesabu silabi

Watu huiacha hatua hii hadi mwisho, wakati hapa ndipo ilipo rahisi.

Kipolandi, kama Kiswahili, huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: *ro-BI-my*, *prze-PI-sać*. Sikio lako tayari lina mazoea hayo, na hiyo ni faida ambayo wageni wengi hawana. Lakini mazoea hayohayo yatakuponza kwenye vitenzi virefu, kwa sababu śmy, ście na by hazihesabiwi.

Fanya hivi. Funika kwa kidole śmy au ście. Kama kuna by, bym, byś, byśmy au byście, funika yote. Kinachobaki ni umbo la „yeye” au „wao”. Weka mkazo kwenye silabi yake ya pili kutoka mwisho, kisha ondoa kidole. Mkazo hausogei.

- zrobili: zro-BI-li. Ongeza śmy: zro-BI-li-śmy. Ongeza byśmy: zro-BI-li-by-śmy.
- zrobił: ZRO-bił. Ongeza bym: ZRO-bił-bym.
- zrobiła: zro-BI-ła. Ongeza bym: zro-BI-ła-bym.
- pomogli: po-MO-gli. Ongeza byście: po-MO-gli-by-ście.
- poprzestawiali: po-prze-sta-WIA-li. Ongeza byśmy: po-prze-sta-WIA-li-by-śmy.

Ukihesabu kutoka mwisho, mkazo huangukia silabi ya tatu katika -liśmy, -łyśmy, -liście, -łyście, pia katika -liby, -łyby na masharti ya umoja. Huangukia ya nne katika -libyśmy, -łybyśmy, -libyście, -łybyście. Mzizi mfupi haubadilishi kitu: MO-gli-by-śmy, DA-li-by-śmy.

Usifunike -em na -am za umoja. *Zrobiłem* ni zro-BI-łem, *zrobiłam* ni zro-BI-łam, mkazo wa kawaida kabisa. Vipande hivyo vimeshagandamana na neno.

Kwa nini iwe hivi? Śmy, ście na by ni abiria. Zamani zilisimama zenyewe, na hadi leo hushuka kwenye kitenzi zikapanda neno lingine: *Chętnie byśmy poprzestawiali*, *Gdybyśmy poprzestawiali*. Sentensi ya kwanza inasema „tungehamisha kwa furaha”, na kitenzi kimebaki *poprzestawiali*, mkazo WIA palepale. Abiria akipanda au akishuka, mkazo hauna habari naye.

Utawasikia Wapolandi wengi wakisema zro-bi-LI-śmy katika mazungumzo ya kawaida. Usibishane nao. Ila kwenye mtihani wa kuongea, mbele ya kipaza sauti, au unapotafsiri rasmi, shika zro-BI-li-śmy.

Hatua ya 4. Hesabu irabu

Idadi ya silabi ni idadi ya irabu zinazotamkwa. *Poprzestawialibyśmy*: o, e, a, ia (moja), i, y, y. Silabi saba. Ingekuwa rahisi hivyo kila mara kama isingekuwa mitego mitatu.

*Mtego wa i.* I iliyo kati ya konsonanti na irabu nyingine haihesabiwi. Kazi yake ni kulainisha konsonanti, kama tunavyosikia katika ny ya *nyama*. *Wia* ni silabi moja, *nie* moja, *dzia* moja. *Powiedzieli* ni po-wie-dzie-li, silabi nne, ingawa macho yanaona irabu sita. Lakini i inayofuatwa na konsonanti au iliyo mwisho wa neno ni silabi kamili: ro-bi-li. Vilevile i iliyotanguliwa na irabu: po-in-for-mo-wać ni tano, za-in-te-re-so-wać ni sita, prze-i-na-czyć ni nne.

*Mtego wa au.* Katika maneno ya kukopa, au ni silabi moja: *automatyzować* ni au-to-ma-ty-zo-wać. Lakini kiambishi kinachoishia na a kikikutana na mzizi unaoanza na u, hizo ni silabi mbili. *Nauczyć*, „fundisha”, ni na-u-czyć. Weka jozi hii kichwani: *zaufać*, „amini”, ni za-u-fać, *zautomatyzować* ni zau-to-ma-ty-zo-wać. Katika ya kwanza kiambishi ni za-, katika ya pili ni z- tu.

*Mtego wa m.* Huu ni wa kwetu hasa. Katika *mtu* na *mke*, m ni silabi kamili, tunaisema m-tu. Kipolandi hakina konsonanti inayosimama kama silabi, hata moja. *Mnożyć*, „zidisha”, ni mno-żyć, mbili. *Zmniejszyć*, „punguza”, ni zmniej-szyć, mbili. *Mdleć*, „zimia”, ni silabi moja. R iliyobanwa kati ya konsonanti nayo vivyo hivyo: *trwać* moja, *przetrwać* mbili, prze-trwać. Jina la mji wa Łódź, ambako chuo kikuu kimekuwa kikiwaandaa wageni kwa lugha tangu mwaka 1952, lina herufi nne na silabi moja tu.

Kinyume cha mtego wa m ni kuchomeka irabu isiyokuwepo. Ulimi wetu hupenda silabi zinazoishia na irabu, kwa hiyo *przestawić* hugeuka „pishesitawiti” na silabi tatu zinakuwa sita. Dawa iko kwenye hatua ya nane.

Hatua ya 5. Vua viambishi awali

Sasa, na si mapema, nenda kichwani. Viambishi utakavyokutana navyo karibu siku zote ni do-, na-, nad-, o-, ob-, od-, po-, pod-, prze-, przed-, przy-, roz-, u-, w-, wy-, z- (au s-, ś-) na za-. Vinavyoishia na konsonanti huongezewa e mbele ya mrundiko wa konsonanti: *rozebrać*, *odebrać*, *podeprzeć*, *zebrać*. Ni kiambishi kilekile, kama m- inavyogeuka mw- mbele ya irabu.

Viwili vinaweza kuandamana. Po- ikitangulia kiambishi kingine, mara nyingi inaleta maana ya „vyote, kimoja baada ya kingine”: *przestawiać* ni kuhamisha kitu mahali, *poprzestawiać* ni kuvihamisha vyote kimoja kimoja. Ndivyo zilivyo pia *powyrzucać*, kuvitupa vyote, na *ponaprawiać*, kuvitengeneza vyote.

Ili kujua kiambishi kinaishia wapi, tumia kipimo cha kuvua: ondoa unachodhani ni kiambishi, tafuta kilichobaki kwenye kamusi. Kikiwepo na maana ikiwa ya jirani, umekata sawa.

- *podziękować*: ukivua pod- inabaki „ziękować”, haipo. Ukivua po- inabaki *dziękować*, „shukuru”. Basi ni po-dzię-ko-wać, na dz ni sauti moja.
- *odzyskać*: od- ikivuliwa inabaki *zyskać*, „pata faida”. Basi ni od-zys-kać, na d na z ni sauti mbili.
- *odziedziczyć*: o- pamoja na *dziedziczyć*, „rithi”. O-dzie-dzi-czyć.
- *podrzucić*: pod- pamoja na *rzucić*, „tupa”. Pod-rzu-cić. Lakini *podrzeć*, „chanachana”, ni po- pamoja na *drzeć*: po-drzeć.

Hili si la mwandiko tu. Dz ya *podziękować* hutamkwa kwa pigo moja, ya *odzyskać* kwa mawili. Herufi pacha ch, cz, dz, dź, dż, rz na sz ni sauti moja, hazikatwi katikati, kama usivyoweza kukata sh ya *shika*. Zinapokatika ni kwa sababu herufi ya kwanza na ya pili zimetoka mofimu mbili tofauti. Isipokuwa mara chache, kama katika ukoo huu: *marznąć*, „kuganda kwa baridi”. Hapa r na z zimo ndani ya mzizi na bado ni sauti mbili, kwa kuwa mzizi ni ndugu wa *mróz*, baridi ya barafu. Kwa hiyo *zamarzać*, „kuganda”, ni za-mar-zać, wakati *marzyć*, „kuota ndoto za mchana”, ni ma-rzyć.

Hatua ya 6. Tenga kiungo na mzizi

Kati ya mzizi na mkia kuna kiungo: -a-, -i- au -y-, -e-, -ną-, -owa-, -ywa- au -iwa-. Kiungo -ywa- huonyesha tendo lisilokamilika au la kurudiarudia: *przepisać* ni kunakili ukamaliza, *przepisywać* ni kuwa katika kunakili. Ukikiona, ujue neno limerefushwa silabi moja kwa sababu hiyo.

Viungo hubadilika sura:

- -owa- na -ywa- huwa -uj- wakati uliopo: *podporządkowywać*, lakini *podporządkowuję*.
- Katika mikia ya hatua ya 2, -ną- hubaki ą kwa mwanamume mmoja tu (mimi, wewe au yeye), kwingine ni ę: *zamknął*, *zamknęła*, *zamknęli*. Mbele ya l na ł herufi hizi hupoteza sauti ya pua, zisome kama o na e.
- Katika baadhi ya vitenzi a huwa e mbele ya li: *powiedziałyśmy* kwa wanawake, *powiedzieliśmy* kwa kundi lenye mwanamume.

Mzizi nao hugeuka: *zarobić* lakini *zarabiać*. Usipoteze muda kuulazimisha. Rudi kwenye umbo la -ć, liandike pembeni, endelea.

Hatua ya 7. Andika mistari miwili

Kalamu ya kwanza: po-prze-sta-WIA-li-by-śmy. Kalamu ya pili: po-prze-staw-ia-l-i-by-śmy. Tazama w: kwa mdomo iko na ia, kwa maana iko na *staw*.

Hatua ya 8. Tamka kutoka nyuma

Usianze na po-. Sema *śmy*. Kisha *by-śmy*. Kisha *li-by-śmy*. Kisha *WIA-li-by-śmy*, na hapa kaza sauti. Halafu *sta-WIA-li-by-śmy*, *prze-sta-WIA-*, na mwisho po-. Kila mara malizia hadi mwisho wa neno. Kwa njia hii sehemu ngumu umeirudia mara saba na mkazo umepata makao kabla hujafika kichwani.

Kwa mrundiko wa konsonanti, anza na konsonanti iliyoshikana na irabu: *sze*, kisha *psze*. Prz husomwa psz, kwa kuwa rz baada ya p, t, k na ch hupoteza mngurumo. Weka vidole kooni: kooni kusitikisike hadi irabu ifike. Kukitikisika mapema, umechomeka i.

Mifano miwili kamili

*Podporządkowywalibyśmy*, „tungekuwa tunawaweka chini ya mamlaka yetu”. Mkia: l-i-by-śmy. Funika byśmy, inabaki podporządkowywali, mkazo WA. Irabu: o, o, ą, o, y, a, i, y, y, silabi tisa. Viambishi: pod- ikivuliwa inabaki *porządkować*, „panga”, ipo. Ile po- inayofuata usiivue, maana mzizi ni *porządek*, „mpangilio”, ambao umedondosha e yake. Viungo ni viwili, -ow- na -ywa-.
Silabi: pod-po-rząd-ko-wy-WA-li-by-śmy.
Mofimu: pod-porządk-ow-ywa-l-i-by-śmy.

*Rozstrzygnęłabym*, „ningeamua”, asemaye ni mwanamke. Mkia: ł-a-by-m. Funika bym, inabaki rozstrzygnęła, mkazo NĘ. Irabu: o, y, ę, a, y, silabi tano. Mrundiko zstrz unatisha kwa macho, lakini kiambishi roz- kinaukata: roz, kisha strzyg. Kwa sikio z ya roz- inageuka s mbele ya s.
Silabi: roz-strzyg-NĘ-ła-bym.
Mofimu: roz-strzyg-nę-ł-a-by-m.

Unapolazimika kukata neno mwishoni mwa mstari

Kanuni za mwandiko ni legevu kuliko watu wanavyodhani. Konsonanti moja kati ya irabu mbili huenda mstari wa chini. Mrundiko wa konsonanti ndani ya mzizi unaruhusiwa kukatwa popote, mradi konsonanti moja ishuke na irabu: *zazdrościć*, „onea wivu”, inaweza kuwa za-zdrościć, zaz-drościć au zazd-rościć. Herufi mbili zinazofanana hutenganishwa: od-dać. Kiambishi kinachotambulika kiachwe kizima: roz-stawić, ode-brać. Usikate wi-ara, i ya kulainisha haiachani na irabu yake. Usiache herufi moja peke yake mwisho wa mstari. Katika mikia ya vitenzi, chagua -li-by-śmy badala ya -li-byś-my. Zote mbili hupita, lakini ya kwanza humsaidia msomaji kuona muundo.

Ukikwama

*Silabi zimezidi kwa moja au mbili.* Tafuta i iliyobanwa kati ya konsonanti na irabu, kisha m au r uliyoihesabu.

*Silabi zimepungua.* Tazama mpaka wa kiambishi: pengine irabu mbili zimegusana na ukazimeza kama moja. *Zaaresztować*, „kamata”, ni za-a-resz-to-wać, na a zote mbili hutamkwa. *Wyidealizować* ina y na i, silabi mbili.

*Kipimo cha kuvua hakitoi neno linalojulikana.* Badili kiambishi badala ya kukivua. *Odzwyczaić*, „achisha mazoea”: „zwyczaić” huikuti ikisimama peke yake, lakini *przyzwyczaić*, „zoesha”, ipo, na jina *zwyczaj*, „desturi”, lipo. Basi od- ni kiambishi.

*By imeonekana peke yake bila kitenzi cha l au ł.* Ni sawa. Baada ya *można*, *trzeba* na *warto* huandikwa mbali: *można by*. Haina cha kugawa.

*Kompyuta inakata s-z au c-z mwisho wa mstari.* Programu inadhani unaandika lugha nyingine. Chagua aya yote, weka lugha ya maandishi iwe Kipolandi, na uhakikishe kamusi ya kugawa maneno ya Kipolandi imesakinishwa. LibreOffice inayo.

*Wanakuelewa, lakini wanakuomba urudie kila ukisema -byśmy.* Mkazo umeteleza hadi by, mahali Kiswahili kingeuweka. Rudi hatua ya tatu, funika kwa kidole, kisha fanya hatua ya nane mara tano kwa neno hilohilo.

Jipime

Fanya mwenyewe kwanza kwa kalamu mbili: *przeczytałyście*, *pomogłabyś*, *przepisujecie*, *zamarzlibyśmy*, *odzwyczailibyście*, *wyidealizowaliby*.

Majibu:

1. prze-czy-TA-ły-ście, silabi tano; prze-czyt-a-ł-y-ście. Ninyi wanawake mlisoma mkamaliza.
2. po-MO-gła-byś, nne, po-mog-ł-a-by-ś. Ungesaidia, anaambiwa mwanamke.
3. prze-pi-su-JE-cie, tano; prze-pis-uj-e-cie. Mnanakili. Hakuna ś, hakuna l, mkazo ni wa kawaida.
4. za-MAR-zli-by-śmy, tano, za-marz-l-i-by-śmy. Tungeganda kwa baridi. R na z sauti mbili.
5. od-zwy-cza-I-li-by-ście, saba; od-zwycza-i-l-i-by-ście. Mngeachisha mazoea. Mkazo umekaa juu ya i pekee, na j ya *zwyczaj* imemezwa.
6. wy-i-de-a-li-zo-WA-li-by, tisa, wy-ideal-iz-owa-l-i-by. Wangekipamba kitu kuliko kilivyo.